Muulize Ami: Vyeti sita na zahanati isiyo na paa

Mwezi huu barua zimekuja za namna moja hata sikupanga, vijana na watu wa maofisini wote wanauliza haya mafunzo ya uongozi na sera za umma, nani aende, nani alipe, na ukishatoka huko unafanya nini. Nimechagua tano. Kwa wasionijua, Ami yenu nilikuwa karani wa baraza la mji miaka ile kabla Kenya haijaanza ugatuzi, yaani kaunti kujiendesha zenyewe, 2013, sasa nimestaafu nakaa Malindi, kazi yangu kusoma bajeti na kunywa kahawa tungu, na hivo viwili ukivichanganya usiku hulali.

*Ami shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 25, nakaa Barani hapa Malindi, nina diploma ya maendeleo ya jamii. Tangu nimalize chuo nishaenda semina sita za uongozi wa vijana, vyeti vyote sita ninavyo na fulana nne juu yake. Sasa kuna kozi ya mtandaoni ya sera na uongozi wanataka elfu kumi na nane. Mamangu anasema hiyo pesa afadhali niongezee kidogo ninunue friji niuze barafu na juisi. Nilipe ama nisilipe? — Mwenye Vyeti*

Marahaba mwanangu. Nianze na mamako manake hajakosea sana.

Hebu vitoe hivo vyeti sita uvipange mezani halafu ujiulize, ni semina gani kati ya hizo ulipewa karatasi ya serikali yenyewe, si kijitabu cha mwenye semina, ukaambiwa haya soma hapa, pana nini? Kama hakuna hata moja basi ulikuwa unaalikwa kula. Mimi mwenyewe nishakaa semina ya siku tatu hotelini, ya nani sisemi, siku ya kwanza tukafungwa maputo miguuni tukakimbizana watu wazima tupasuliane, siku ya pili tukachora mti wa ndoto zetu kwa kalamu za rangi, siku ya tatu ikawa picha na nauli. Chakula sikukitia kasoro, samaki wa kupaka na wali wa nazi. Lakini siku tatu nzima hakuna aliyetaja tarehe hata moja, na mambo haya yote ni tarehe.

Manake angalia. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1, lakini pesa zake zinaanza kugawanywa miezi kumi nyuma. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaosema afya itapata kiasi gani na barabara kiasi gani, unafika Februari 28. Makadirio ya bajeti yenyewe Aprili 30. Yote hayo yako kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, si siri ya mtu. Sasa kijana anakuja kupiga kelele Juni kwamba wadi yao haijapata kisima, mwanangu kisima kilizikwa Februari, Juni unasoma hitima.

Ntakupa kisa uone mafunzo yenyewe yanakuwaje. Kuna kijana mmoja hapa pwani, wadi yake siitaji, alinijia na simu imejaa PDF za bajeti kurasa mia tatu na kitu, amechoka hajui aanzie wapi. Nikamwambia simu weka mfukoni, twende kwa mwenye fotokopi tukatoe kurasa nne tu, za wadi yako, mbili za mwaka juzi na mbili za mwaka jana. Ikawa shilingi 40. Tukakaa barazani tukaziweka sambamba nikampa kalamu ya kijani. Akanyamaza kama dakika kumi hivi, mara akasema Ami, hii zahanati iko huku na iko huku pia. Jina lilelile, milioni tatu na nusu zilezile, mpaka kosa la herufi kwenye neno la ukarabati limerudi nalo.

Hapo sasa ndo wengi hukimbilia Facebook kuandika wezi wezi wezi. Nikamwambia tulia, mstari kurudi mara mbili si wizi bado, inaweza kuwa kazi haikwisha, inaweza kuwa mkandarasi hakulipwa deni likasukumwa mbele, au pesa zilihamishwa kwenye bajeti ya ziada, ile inayopita katikati ya mwaka kimya kimya kama paka wa sokoni. Uliza kwanza. Akaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, manake Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu Kiswahili ama Kiingereza, na ofisi ina siku 21 kujibu. Siku ya 19 akaitwa akapewa karatasi mbili. Pesa zilihamishwa kwenye bajeti ya ziada zikaenda barabara nyingine kabisa. Zahanati mpaka leo haina paa, sikudanganyi, popo wameshahamia. Ila yule kijana sasa anajua ni mlango gani wa kubisha na ni mwezi gani, na mwakilishi wadi wake akimuona kwa mbali huvuka barabara.

Hiyo ndo kozi. Iligharimu shilingi 40 na vikombe viwili vya kahawa, ambavo nililipa mimi.

Sisemi kozi zote ni bure. Ziko za maana. Shule ya Serikali ya Kenya ina tawi Matuga kule Kwale, hiyo ndo wanakopelekwa maafisa wa serikali, na taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, KIPPRA ya Nairobi, ina mpango wake wa wataalamu chipukizi ambao unakaa nao unafanya utafiti wa sera kwelikweli, ukishasonga mbele kimasomo huko pajaribu. Lakini hao wa elfu kumi na nane kabla hujalipa wapigie uwaulize mambo matatu. Nitasoma waraka gani wa serikali kutoka mwanzo mpaka mwisho? Nani atasoma ninachoandika anirudishie na makosa yangu? Na mwalimu mwenyewe nje ya kufundisha amewahi kufanya kazi gani ya sera? Wakijibu kwa kukutumia picha za mahafali, kata simu.

Alafu wewe uko Malindi, una bahati ambayo hata wenzako wa mji wa Kilifi hawana, bunge la kaunti ya Kilifi linakaa hapahapa Malindi. Katiba Kifungu cha 196 kinasema vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake viwe wazi kwa umma. Panda tuktuk uende, chukua kitambulisho, kaa juu kwenye viti vya wananchi, utasinzia siku ya kwanza, siku ya pili utaanza kujua nani amesoma na nani anasomewa. Kikao cha kamati kina faida zaidi ya kikao kikubwa, kule ndo maafisa huulizwa maswali ya pesa.

Kwa hiyo usilipe. Kanunue friji, na kurasa nne.

*Assalam aleykum Ami. Mimi ni afisa wa tiba kwenye kituo kimoja huku visiwani Lamu, mwaka wa tisa kazini. Nimepandishwa cheo na mkubwa wangu akaniambia niandike muhtasari wa sera kuhusu kusafirisha wagonjwa usiku kwa boti. Nimeandika kurasa 14 kanirudishia hajasoma. Sisi tulisomea kutibu hatukusomea haya. Nakuambatanishia ukurasa wa kwanza. Nirudi skuli? — Daktari wa Kisiwani*

Waaleykum salaam daktari. Ukurasa nimeusoma. Unaanza hivi, "Tangu zama za kale binadamu amekuwa akihitaji usafiri." Daktari! Mgonjwa akija kwako na homa wewe huanza kumsimulia asili ya binadamu? Si unamuuliza homa imeanza lini, unampima, unaandika dawa? Muhtasari wa sera ni cheti cha dawa hichohicho, ila mgonjwa ni ofisi.

Kurasa mbili zatosha. Anza na daftari lako la wagonjwa, usianze na kitabu cha mtu. Miezi sita iliyopita wangapi walihitaji kuvushwa baada ya magharibi, wangapi walingoja zaidi ya saa mbili, na walingoja nini hasa, mafuta, nahodha, au maji kupwa? Hayo mambo matatu kila moja lina dawa yake. Kama shida ni mafuta unapiga hesabu ya lita kwa safari na safari kwa mwezi. Kama ni nahodha, maana yake kuna boti imefungwa gatini na mwenyewe kaenda kulala kwao manake halipwi zamu ya usiku, hilo ni la mshahara si la boti, na ukiomba boti mpya utaletewa boti mpya isiyo na nahodha. Njia ya tatu ni kufanya mapatano na wenye mashua za mashine walioko kijijini walipwe kwa safari. Weka njia hizo, kila moja na bei yake na nani ataitekeleza, halafu sema wewe unapendekeza ipi. Hapa ndo watu wa ofisi huogopa, wanaorodhesha njia tano wanaandika "serikali iangalie". Serikali ni wewe bwana, ndo maana umepandishwa cheo.

Na jingine ambalo hukuuliza. Afya ya vituo na zahanati na gari za wagonjwa Katiba imeiweka kwa kaunti, Jedwali la Nne, kwa hivo usiandike "Wizara ya Afya Nairobi inaombwa" kama ulivoandika mstari wa tisa. Andikia idara ya kaunti yako. Na uufikishe mapema, kabla ya Februari, kabla viwango vya kila idara havijafungwa kwenye ule waraka wa mkakati nilioutaja kwenye barua ya kwanza. Ukipeleka Mei utasifiwa umeandika vizuri na utaambiwa mwakani.

Skuli si lazima, lakini kozi fupi ya uongozi ukipata itakusaidia na wewe ni mtumishi, mwombe mwajiri alipie, pesa za mafunzo huwekwa kwenye bajeti na kuna ofisi hazizimalizi. Ukienda nenda na hizo kurasa mbili mkononi. Wewe utakuwa na kitu cha kupigwa msasa, wenzako watakuwa na daftari jipya tupu.

*Ami wa watu, mimi si kijana, ni bibi mwenye wajukuu, naongoza kikundi cha akina mama hapa Lamu. Tuliletewa barua Jumanne saa kumi jioni kwamba Jumatano asubuhi tuje tutoe maoni ya bajeti. Kufika tukapewa kitabu cha Kiingereza kizito kama tofali, tukaulizwa mnakubali? Watu wakasema ndiyo manake chai ilikuwa inapoa. Sasa mjukuu wangu amechaguliwa kwa mafunzo ya uraia Mombasa, nimwache aende akajifunze kusema ndiyo vizuri zaidi? — Bi Mkubwa*

Bi Mkubwa shikamoo, barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nacheka kisha nanyamaza.

Mwache aende. Lakini kabla hajaenda msomee kesi mbili za kwenu hapo, manake Lamu nyinyi mna skuli ambayo wengine wanaisoma vitabuni. Ya kwanza ni ya wavuvi na bandari. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari mpya na njia za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa Lamu Machi 2012 kwa vishindo marais wakaja, watu wa Lamu wakaenda mahakamani mwaka huohuo, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wenyeji hawakushirikishwa inavyotakiwa, ikataka wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita ile. Ya pili ni ya makaa ya mawe kule Kwasasi, mtambo wa megawati 1,050. Juni 26, 2019 jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni ya mradi. Na sababu iliyonifurahisha mimi karani mzee ni kwamba mikutano ilifanyika kweli, picha zipo, lakini ilikuwa ya kutambulisha mradi tu, ile ripoti yenyewe ya madhara ilipokamilika watu hawakurudishiwa waijadili. Yaani jopo lilisema kuitwa mkaonyeshwa mradi si kuulizwa.

Sasa lenu la Jumatano ni hilohilo kwa udogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema wananchi wapate habari na nyaraka kwa wakati, na Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushirikishwaji kwenye mambo ya fedha, jioni kwa asubuhi si wakati. Siku nyingine barua ikija usiipokee tu, andika juu yake tarehe na saa uliyoletewa na aliyeileta atie sahihi. Mkutanoni simama mwanzo kabisa kabla ya chai, sema barua imetufikia jana saa kumi na kitabu hatujakisoma, na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Usigombane na vijana wa ofisi wametumwa tu wale. Kisha omba kurasa za wadi yenu peke yake na muhtasari wa Kiswahili, Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii Katiba Kifungu cha 7, si hisani. Na mkirudi nyumbani pelekeni maoni yenu kwa maandishi mkae na nakala iliyopigwa muhuri. Mkipuuzwa mna haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti na kwa bunge lake, hakuna haja ya wakili, karatasi na majina yenu yatosha.

Na huyo mjukuu akirudi kutoka Mombasa mkalishe barazani mbele ya kikundi awaeleze alichosoma kwa Kiamu, Kiswahili chenu cha Lamu. Akishindwa kukieleza kwa Kiamu basi hajakielewa, mrudishe.

*Ami mimi ni mwalimu wa sekondari. Wazee wa mtaa wananishika niwanie uwakilishi wadi 2027, na wakati huohuo nimeombwa nifundishe vijana masomo ya uraia kila Jumamosi. Je naweza kuchanganya? — Mwalimu, Ganda*

Mwalimu, kufundisha fundisha. Kuwania, sheria ya uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027, hesabu vidole utaangukia Februari mwanzoni. Kuchanganya ndo usichanganye. Siku utakayovaa kofia yenye rangi ya chama kwenye darasa la Jumamosi umewapoteza nusu ya wanafunzi na umempa mwajiri barua ya kukuandikia. Amua kabla, si baada. Na hao wazee wanaokushika waulize mapema nani atalipa mafuta ya kampeni, utaona wanavokuachilia.

*Ami tuko vijana kumi na moja wa Shella. Hatuna mfadhili, hatuna ukumbi, tunataka kuanzisha darasa letu la sera na uongozi tusomeshane wenyewe. Tuanzeje? — Wana Shella*

Hamkusema Shella ya Lamu au Shella ya Malindi, zote ni wadi na zote zina watu wabishi, nitajibu kwa zote mbili.

Ukumbi mnao, baraza la msikiti baada ya alasiri ama pale wanapovuta mashua. Mfadhili msimtafute mwaka wa kwanza, akija na pesa atakuja na maputo. Chagueni kitu kimoja mnachokiona kwa macho kila siku. Sio "maendeleo", kitu. Taka za ufukweni. Taa za njiani zisizowaka. Bomba la maji. Wa Lamu mnaweza hata kuchukua mavi ya punda, nani anapaswa kuzoa, analipwa na nani, kwa kifungu gani, msicheke, mji wa urithi wa dunia tangu 2001 na hilo swali ukiliuliza pale uwanja wa Mkunguni utapata majibu manane tofauti.

Mgawane. Wawili watafute mpango wa miaka mitano wa kaunti, ule wa 2023 hadi 2027, waangalie hicho kitu kimetajwa au hakikutajwa. Wawili wapige picha kila Ijumaa mahali palepale, saa ileile. Mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike barua ya kupata habari, na mmoja asiyeogopa watu aipeleke kwa mkono arudi na nakala yenye muhuri, barua iliyopelekwa bila muhuri ni kama haijaandikwa. Wengine waongee na wazoaji taka ama mafundi wenyewe, hao hujua mambo ambayo hakuna waraka unayasema, ila wapelekeeni mahamri msiende mikono mitupu. Kila wiki mtu mmoja anasimama anaeleza alichopata, wengine wanambana kwa maswali mpaka atoe jasho, na zamu inazunguka, asiwe yuleyule mwenye sauti kubwa. Zamu ya wasichana iwe sawa na ya wavulana na mkae saa ambayo nyumbani kwao wanaruhusiwa kutoka, nishaona madarasa mazuri yakabaki ya wanaume watupu kwa sababu tu yaliwekwa saa mbili usiku.

Mtagombana wiki ya tatu, kuhusu nani awe mwenyekiti. Msichague mwenyekiti. Chagueni wa kuweka faili.

Barua ya kwanza mkishaiandika nitumieni kabla hamjaipeleka niiangalie, na tafadhali isianze na zama za kale.